Kuchagua Trekta Dogo: Habari za Vyombo vya Kusafisha Moshi

Kwa miaka michache iliyopita, watu wanaotaka kununua trekta dogo wameniuliza swali moja kuliko mengine yote. Hawaulizi habari za plau wala za magurudumu. Husema hivi: "Bwana Shamba, trekta hili lina chujio la moshi. Nilichukue au niliache?" Wengine wamesikia kwa jirani kwamba chujio huziba na kulizima trekta katikati ya msimu. Wengine wameambiwa na muuzaji kwamba ni kitu cha kupamba tu, na fundi yeyote anaweza kuking'oa kwa nusu siku. Habari zote mbili zina ukweli kidogo na upungufu mwingi.

Trekta dogo ninalosema hapa ni lile la nguvu za farasi 20 mpaka 60 hivi. Hilo ndilo linalomfaa mwenye shamba la kadiri, au kikundi cha wakulima walioungana. Fedha yake ni mavuno ya misimu mingi, na mara nyingi ni mkopo. Mimi si fundi wa kiwandani. Yaliyomo humu nimeyapata katika vitabu vya matengenezo, kwa mafundi ninaowaamini, na kwa kosa nililolifanya mwenyewe, ambalo nitalieleza mbele.

MOSHI WA DIZELI UNA NINI

Injini ya dizeli hubana hewa mpaka inakuwa moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa ndani yake, nayo huwaka. Pale mafuta yanapokosa hewa ya kutosha hayaungui yote, na mabaki yake ni masizi. Pale joto linapozidi, hewa yenyewe huungana na kufanya gesi mbaya ziitwazo oksidi za naitrojeni. Kwa hiyo mtengenezaji ana shida mbili zinazovutana: akipunguza joto ili gesi zipungue, masizi huongezeka, akiongeza joto ili masizi yaungue, gesi huzidi. Vyombo vyote vinavyowatia watu wasiwasi vimetokana na mvutano huo.

Masizi hayo ni laini mno, hata huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwezi wa Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutia moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuwa huleta saratani kwa binadamu. Nasema haya kwa sababu wako wanaocheka wakiona chujio, wakidhani ni anasa ya Wazungu. Nenda ukaangalie trekta likizungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Dereva yuko moshini, wapakiaji wako moshini, na watoto wanaookota punje zilizomwagika wako chini kabisa, mahali moshi unapotua.

SHERIA ZILIKOTOKA

Trekta halikutiwa chujio kwa ajili ya hapa kwetu. Nchini Marekani sheria za moshi kwa mashine za mashambani zilianza miaka ya 1990. Sheria kubwa zaidi, waiitayo Daraja la Nne, ilitiwa sahihi mwaka 2004 na kutekelezwa kidogo kidogo kuanzia 2008 mpaka 2015. Injini ya chini ya farasi 25 iliruhusiwa kutoa gramu 0.40 za masizi kwa kila kilowati-saa ya kazi. Injini ya farasi 25 mpaka 75, tangu mwaka 2013, iliruhusiwa gramu 0.03 tu. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara kumi, na imewekwa kwenye mpaka mmoja wa nguvu za farasi.

Watengenezaji nao si wajinga. Walijaza soko la Marekani matrekta yenye nguvu iliyo chini kidogo ya mpaka ule. Kwa mfano, Kubota L2501 ina nguvu za injini 24.8, nayo haina chujio. Ndugu yake L3301 ina nguvu 33, nayo inalo. Mtu akiyatazama yamesimama pamoja aweza kudhani ni trekta lile lile.

Ulaya walikaza zaidi mwaka 2019. Huko hawapimi uzito wa masizi peke yake, bali huhesabu hata idadi ya chembe, kwa injini za kilowati 19 na kuzidi, yaani karibu farasi 25. Kwa hesabu hiyo ni vigumu mno kuuza trekta jipya la kadiri hiyo bila chujio. India ilikaza sheria yake kwa matrekta ya zaidi ya farasi 50 mwezi wa Januari 2023. Madogo yakabaki wakati huo chini ya sheria ya zamani. Basi ukiletewa trekta, swali la kwanza ni hili: lilitengenezwa kwa soko la nchi gani, na mwaka gani? Trekta la farasi 40 lililotengenezwa India kwa soko la huko laweza kuwa na injini ya kawaida kabisa. Trekta la nguvu zile zile, lililotumika Ujerumani na kutengenezwa mwaka 2020, litakuwa na chujio, kompyuta, na sensa nyingi.

CHUJIO HUFANYAJE KAZI

Chujio la masizi ni kopo la chuma lililokaa kwenye njia ya moshi, kwa kawaida chini ya boneti. Ndani mna kitu kama sega la nyuki, kilichotengenezwa kwa udongo mgumu uliochomwa. Vijia vyake vimezibwa kwa kupokezana, kimoja mwanzoni na kingine mwishoni, hata moshi unalazimika kupenya ukuta. Gesi hupita, masizi hubaki.

Yakijaa, hayana budi kuchomwa. Trekta likifanya kazi nzito, kama kulima kwa plau, moshi wake huwa moto kiasi kwamba masizi huungua polepole yenyewe, na dereva hajui lolote. Kazi ikiwa nyepesi, moshi haupati joto hilo. Hapo kompyuta huongeza mafuta kidogo ili kulipasha chujio moto mpaka nyuzi 600 hivi za sentigredi. Injini hubadilisha mlio, taa huwaka mbele ya dereva, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika 15 mpaka 30. Na kama hilo nalo halikufanyika, trekta litadai lisimamishwe mahali pa wazi na kuachwa lijisafishe likiwa limesimama.

Nyuzi 600 ni moto wa kweli. Usilisimamishe trekta kwenye majani makavu wakati linajisafisha, wala karibu na rundo la mabua ya mpunga. Kila jioni fungua boneti uondoe makapi yaliyonasa karibu na chujio. Hii ni kazi ya dakika tano, na sijaona mkulima hata mmoja anayeifanya bila kukumbushwa.

Kuna kitu kingine kisichoungua hata kwa moto huo, nacho ni majivu yatokanayo na oili ya injini. Kwa sababu hiyo injini ya namna hii hutaka oili yenye majivu machache. Tazama kwenye kopo uone alama ya CJ-4 au CK-4, na ulinganishe na kitabu cha trekta. Oili ya bei nafuu iuzwayo kwa lita kutoka kwenye pipa lisilo na jina itaziba chujio kabla ya wakati. Kwa kufuata sheria ya Marekani, chujio la injini za kadiri hii halipaswi kuhitaji kufunguliwa kusafishwa majivu kabla ya saa 3,000 za kazi. Trekta linalofanya saa 500 kwa mwaka litafika huko baada ya miaka sita. Lakini ukinunua lililotumika, huenda miaka mitano kati ya hiyo aliitumia mwingine.

KOSA LANGU

Kikundi kimoja cha wakulima wa vitunguu na mahindi kiliniomba nikakisaidie kuchagua trekta. Tukalikuta moja la farasi 40, limetoka Ulaya, safi, saa zake chache. Nilitazama magurudumu, klachi, oili, na mkono wa nyuma wa kuinulia plau. Nikawaambia ni zima. Habari za chujio sikuuliza hata neno moja, maana wakati ule nililiona kama sehemu ya bomba la moshi tu.

Msimu wa kulima ulikwenda vizuri. Baada ya hapo wakalifunga kwenye pampu ya maji, likazunguka taratibu kutwa, kazi nyepesi, siku baada ya siku. Taa ya manjano ikawaka. Injini ikaanza kunguruma yenyewe na harufu ya moto ikasikika. Dereva, kijana mwangalifu sana, alidhani injini inaungua. Akabonyeza kitufe cha kuzuia. Kesho yake vivyo hivyo. Alifanya hivyo karibu wiki mbili, akiamini analiokoa trekta, na hakuna aliyekuwa amemweleza kitufe kile ni cha nini.

Mwishowe ikawaka taa nyekundu, na kompyuta ikapunguza nguvu za injini hata trekta likashindwa kuvuta tela la vitunguu kwenye mlima mdogo. Fundi mwenye kompyuta ya kusoma injini ile hakupatikana wilayani wala mkoani. Ilibidi atoke Dar es Salaam, kwa nauli na posho ya kikundi, na chujio likafunguliwa. Siku zile vitunguu vilikuwa vimekwisha kung'olewa, na mvua isiyotazamiwa ikavikuta shambani.

Nilipokwenda kuwaona, nilimwamkia mwenyekiti wao, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ulituambia ni zima." Sikuwa na jibu. Na kweli lilikuwa zima. Nilichokosa kuwaambia ni kwamba trekta lile halikufaa kazi waliyolipa, na kwamba dereva wake alihitaji kufundishwa upya.

DIZELI YETU

Wengi huniuliza kama mafuta yetu yanafaa. Adui wa vyombo hivi ni salfa iliyomo ndani ya dizeli, kwa kuwa hudhoofisha dawa iliyopakwa ndani ya kichocheo kinachosaidia kuchoma masizi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni tangu Januari 2015. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini injini za soko la Marekani zimetengenezwa kwa dizeli ya sehemu 15, na za Ulaya kwa sehemu 10. Kwa hiyo fungua kitabu cha trekta na utafute kiwango cha salfa kinachoruhusiwa. Kama muuzaji hana kitabu, mpunguzie imani yako kwa kiasi hicho.

Mimi huogopa zaidi uchafu kuliko salfa. Injini hizi mpya hunyunyiza mafuta kwa nguvu kubwa mno. Gurudumu la mbele la trekta hujazwa upepo wa bar 2 hivi. Ndani ya bomba la mafuta la injini hizi msukumo huzidi bar 1,000. Pampu yake hulainishwa na dizeli yenyewe. Tone la maji, chembe ya vumbi, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huweza kuharibu pampu na nozeli ambazo bei yake itakufanya uketi chini. Uchanganyaji huo ulizidi hapa nchini hata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukomesha. Nunua kwenye kituo kimoja unachokijua. Pipa likifika nyumbani liache litulie mpaka kesho yake, uchote juu, na usifikie tope la chini. Wazee wetu waliokuwa na matrekta ya zamani walifanya hivyo, na injini zao zilikuwa na uvumilivu mara kumi kuliko hizi.

MAJI YA UREA

Matrekta ya farasi 75 na kuzidi, ya Marekani na Ulaya, huwa pia na tangi dogo la pili la maji ya urea, yauzwayo kwa jina la AdBlue. Maji hayo hunyunyizwa kwenye moshi ili kuzivunja zile oksidi za naitrojeni. Matrekta madogo kwa kawaida hayana tangi hilo, na ukilikosa usidhani limeibwa.

Nalitaja kwa sababu moja. Mkulima akisikia neno urea hukumbuka mfuko alio nao stoo. Usithubutu kukoroga mbolea ndani ya maji ukaitia humo. Maji yale ni urea safi sana, sehemu 32.5 katika mia, na maji yaliyoondolewa chumvi zote. Mbolea ina takataka ambazo kwa mahindi si kitu, lakini huua kichocheo. Tena maji hayo hayapendi joto: yakikaa penye nyuzi 30 hudumu mwaka mmoja, penye nyuzi 35 ni nusu mwaka tu. Duka la bati linalopigwa na jua kutwa si mahali pa kuyanunua.

Tangi hilo limewasumbua hata wenyewe walioanzisha. Sensa ikikosea, kompyuta huipunguza injini nguvu ingawa haina kasoro. Mwezi wa Agosti 2025 idara ya mazingira ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwataka watengenezaji warekebishe programu zao ili mashine isipoteze nguvu ghafla kwa sababu hiyo. Wakulima wa huko walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi, na malalamiko yao hayakuwa tofauti na ya mzee wangu wa vitunguu.

JUU YA KULING'OA

Fundi atakuja na kusema, "Mzee, tukate hili kopo, tupige bomba moja kwa moja." Marekani jambo hilo limekatazwa na sheria. Mimi nalikataza kwa sababu za shambani. Kompyuta ya injini hupima msukumo wa moshi kabla na baada ya chujio. Ukilikata, itaona mambo yamekwenda kombo na kuipunguza injini nguvu, mpaka mtu aandike upya programu yake. Mwandishi huyo akishaondoka na kompyuta yake ndogo, hakuna fundi mwingine atakayejua alichokibadilisha. Siku nozeli ikianza kuvuja, hapana taa itakayokuambia. Kama hutaki chujio, nunua trekta lililoundwa bila chujio.

SASA UCHAGUE LIPI

Trekta la chini ya farasi 25 lina injini nyepesi kueleweka, na fundi wa kijijini anaweza kuligusa. Linafaa kupalilia kati ya mistari, kufyeka majani kwenye bustani ya miti, kupiga dawa na kuvuta tela dogo. Lakini usilichague kwa kukimbia chujio tu. Mwenye farasi 24.8 ana upungufu wa karibu robo ya nguvu kwa mwenye 33, na katika udongo mzito mweusi robo hiyo ndiyo kulima au kutolima. Nimeona mtu aliyekimbia chujio akaishia kulima ekari zake kwa majuma mawili zaidi, mvua ikampita, na akavuna nusu debe hapa na pale. Huyo naye alipoteza fedha, ingawa hakuna taa nyekundu iliyomwonya.

Kwa wakulima wengi ninaowatembelea, walio mbali na mji na wenye kazi za kubadilika badilika, naona lifaalo ni trekta la farasi 35 mpaka 50 lenye injini ya kawaida, jipya au lililotumika kidogo, la aina ambayo spea zake zinauzwa wilayani. Uliza spea kwanza, rangi baadaye.

Trekta lenye chujio simkatazi mtu. Mwenye kulima eneo kubwa mfululizo, au kukodisha kwa wengine, analipa injini kazi nzito inayosafisha chujio lenyewe. Awe na wakala mwenye kompyuta asiye mbali zaidi ya safari ya siku moja, na dereva mmoja wa kudumu, si kila mpwa anayekuja likizo. Dereva huyo afundishwe mambo matatu: asiache injini ikiunguruma bure chini ya mwembe, aizungushe kwa kasi inayotakiwa anapotumia shafti ya nyuma, na taa ya kujisafisha ikiwaka aiache ifanye kazi mpaka mwisho, hata kama kengele ya chakula imelia.

Siku ya kwenda kulitazama trekta lililotumika, fika asubuhi kabla halijawashwa. Liwashe mwenyewe likiwa baridi. Tazama taa zote ziwake na kuzima; taa isiyowaka kabisa ufunguo ukizungushwa huenda imeng'olewa makusudi. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la moshi, kabla halijapata moto. Trekta lenye chujio zima huacha kitambaa karibu safi. Kikitoka cheusi tii, na muuzaji anaapa kwamba chujio lipo, basi lipo kopo tupu. Mwulize alilikata lini na nani aliandika programu, na akikosa jibu, panda basi urudi nyumbani na fedha zako.